Paini za Makaburini

Paini ya makaburini ilianza kukauka kutoka kileleni, na mimi ndiye niliyeiona kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye kila mtu kijijini alidai kwamba aliiona. Hawakuiona. Walipita chini yake Jumapili wakienda kanisani, wakapita tena wakirudi, macho yao kwenye viatu. Mimi ndio kwanza nilikuwa nafika kutoka Mbeya, naendesha gari mwenyewe, na kabla sijazima injini moyo ulishaniambia. Kilele kilikuwa na rangi ya ndevu za mahindi zinaponyauka. Chini ya hapo mti mzima ulikuwa bado wa kijani, umesimama kama mtu mwenye homa anayekataa kulala.

Wasionijua nijieleze kidogo. Nimezaliwa hapo hapo, nyanda za juu za Mufindi, mkoa wa Iringa, kwenye baridi ambayo wageni kutoka pwani wakija wanaomba blanketi saa nane mchana. Shule niliishia darasa la tano, baba alipofariki. Wenzangu walioendelea kusoma walipanda vyeo. Mimi nilipanda miti. Leo nina ghala la mbao Mbeya, pale Soweto, nina malori, nina nyumba ambayo fundi aliyeijenga alipiga picha mbele yake akaweka kwenye simu, na watoto wangu wamesoma mpaka sasa wananisahihisha ninavyoongea. Yote hayo yametoka kwenye mteremko mmoja wa paini, unaoanzia makaburi ya ukoo mpaka kijitoni. Nilichimba mashimo mwenyewe. Miche nilibeba kichwani mwenyewe. Sehemu ya chini nilishavuna nikapanda upya. Sehemu ya juu, ile iliyopakana na makaburi, ndiyo ilikuwa imekomaa, miti imenyooka kama nguzo za umeme, nikawa nasubiri kuivuna kiangazi kinachofuata. Ukisikia mtu anasema mimi nina bahati, mwambie aniletee bahati yake tulinganishe sugu za mikono.

Makaburini kwenyewe wamelala baba, mama na babu, na wamezungukwa na paini kubwa kuliko zote kijijini. Hizo sikupanda mimi. Alizipanda baba yangu mdogo, mdogo wake baba, mwaka ule ule tuliomzika kaka yake. Kati ya paini zake na zangu kuna njia ya miguu tu, na huko juu matawi yanagusana.

Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umepita. Mtu alikuwa anachoma mabua shambani kwake, upepo ukamnyang'anya moto. Kwangu uliishia kwenye barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuuzuia, kwa sababu mimi barabara yangu nailima kila mwaka mpaka udongo unang'aa, sio kama wengine wanaokwangua majani wakasema wamelima. Lakini makaburini hakuna anayeingiza panga wala fyekeo bila wazee kukaa, kwa hiyo nyasi zilikuwa kiunoni. Zikawaka, tukauzima kwa matawi kwenye ile njia ya miguu. Paini za baba mdogo ziliungua mashina, magome yakawa meusi, ila juu zikabaki kijani. Tulishukuru Mungu tukaendelea na mambo yetu. Hatukujua kwamba mti ulioungua unatoa harufu, na kuna anayeifuata hiyo harufu kama inzi anavyofuata kidonda.

Basi siku ile nilisogea mpaka kwenye shina. Chini yake, kwenye mizizi na kwenye mikunjo ya gome, nikakuta unga wa kahawia, laini, kama ugoro. Na nikafikiri ni ugoro kweli. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mwangalizi wa makaburi yale, na ugoro haumtoki mkononi. Akienda kuwasalimia wafu hukaa pale pale, akanusa, akaongea nao. Nikasema mwenyewe moyoni, huyu mama siku hizi mikono inatetemeka, anamwaga. Nikaufuta kwa kiatu nikaenda kula.

Kesho yake unga ulikuwepo tena, na shangazi alikuwa hajatoka ndani kwa mafua.

Hapo ndipo nilitoa kisu kidogo cha mfukoni nikabandua gome, kipande cha ukubwa wa kiganja. Wafu watanisamehe. Chini ya gome kulikuwa na barabara. Barabara moja kubwa inapanda, na vichochoro vinatoka pembeni yake kushoto na kulia, kila kichochoro kinaanza chembamba kinakuwa kinene, na mwisho wa kila kichochoro kuna funza mweupe, mfupi, kama punje ya mchele iliyovunjika. Wengi. Nimekua na dumuzi kwenye mahindi, nimekaa na mchwa, lakini sikuwahi kuona wadudu waliopanga mji.

Nikampigia afisa misitu wa wilaya, mama mmoja anayekuja na pikipiki yake mwenyewe na haogopi tope. Alifika mchana ule ule. Akabandua hapa, akabandua pale, akapiga mashina kwa ngumi, halafu akavuka ile njia akaenda kuangalia na ya kwangu. Nilimfuata nyuma kama mtuhumiwa, lakini kwangu hakukuta kitu. Akaniambia ni mbawakawa wa magome. Mti wenye nguvu humtemea utomvu akazama humo humo akafa, lakini mti ulioungua na kiangazi kimeukausha hauna mate ya kutema. Wakiwa wengi wanakula ile ngozi ya ndani inayopitisha chakula cha mti, mti unakufa umesimama. Na wanakuja na ukungu wao, unaingia kwenye mbao, mbao inakuwa ya bluu.

Hilo la bluu nililijua. Soweto mteja akiona bluu anageuka hata salamu hamalizi.

"Mzee, ule uliokauka juu usikuumize kichwa, huo wengine walishauhama," aliniambia. "Uogope hii inayoonekana mizima. Humu ndimo walimojaa."

Nikamuuliza nina muda gani. Hakunipa tarehe. Alisema niangalie funza. Wakiwa weupe, bado. Wakianza kuwa wa njano, nikimbie. Wakiwa wa kahawia wenye mabawa, nisimpigie simu, maana watasubiri jua kali la mchana mmoja wakatoka wote kwa pamoja, na mti wa karibu ni wangu. Dawa ni moja: kuangusha paini zote za makaburini, kumenya magome papo hapo, kuyachoma. Na mwezi wenyewe ulikuwa Oktoba, jua linazidi kila siku, mvua bado iko mbali.

Nikaona kazi imekwisha. Mimi na watu wenye chenso, zile misumeno ya mashine, ni jambo la asubuhi moja. Nikaenda kwa shangazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amejifunika kitenge kichwani. Kisha akasema hapana. Hakukasirika. Alisema tu kwamba mti wa kaburini shoka la kwanza ni la aliyeupanda. Akishapiga yeye, hata mkiuleta umeme mkatie, wafu hawana neno. Lakini akianza mwingine, waliolala watajua mwizi kaingia. Nikamwambia shangazi, wadudu hawajui habari hiyo. Akaniambia wadudu sio wa ukoo wetu, yeye anaongea na mimi.

"Aliyepanda yuko hai," alisema. "Kama angekuwa amekufa tungemtafuta mwanawe wa kwanza. Yuko hai, yuko Ubaruku analima mpunga. Mfuate."

Sasa hapo ndipo penye mwiba. Baba mdogo na mimi tulikuwa hatusemezani.

Zamani ile sehemu yangu ya juu, kati ya makaburi na njia ya kwendea maji inayokata mteremko katikati, ilikuwa milanzi. Asiyejua, ni mianzi inayogemwa pombe wakati wa masika. Unakata ncha ya chipukizi, unafunga chombo, inadondosha ulanzi, tamu asubuhi, jioni inakuangusha. Milanzi ile ilikuwa ya baba mdogo. Ardhi ilikuwa ya baba yangu, lakini milanzi ilikuwa yake. Mimi nilipoanza kuona mbele niliing'oa na mizizi nikapanda paini. Nilimwambia ulanzi unajenga walevi na paini inajenga nyumba. Na mpaka leo nasema hivyo hivyo, maana nyumba ipo, njoo uione. Lakini yeye hakubishana. Alifunga vitu vyake akashuka Ubaruku, bonde la Usangu, kulima mpunga, na tangu hapo nikimpigia simu anapokea, anasikia sauti yangu, anakata.

Nilijaribu njia ya mkato, sitaficha. Niliwaita watu wangu wa chenso, vijana ninaowalipa mwaka mzima. Walifika, wakaangalia paini, wakaangalia makaburi. Mkubwa wao akaweka mashine chini polepole kama yai.

"Bosi, mimi nina watoto," alisema, akaenda kukaa kwenye mzizi upande wangu wa njia.

Nikabandua gome jingine. Funza walikuwa bado weupe, ila si weupe wa juzi. Wamekuwa kama maziwa yaliyolala. Nikakata kipande kizuri chenye funza, nikakitia kwenye kopo la rangi lenye kifuniko, nikawasha gari kuelekea Ubaruku.

Ile barabara naijua kuliko wanangu. Mafinga, Makambako, halafu unaanza kushuka, koti unalivua, kioo unakifungua, ukifika Igawa unakata kuingia Rujewa na huko mbele joto linakupokea kama limekuwa likikusubiri wewe. Njia nzima nilikuwa naendesha na sikio moja kwenye kopo. Nilikuwa nimeliweka kiti cha mbele, kama abiria mwenye heshima. Sijui nilitegemea kusikia nini.

Baba mdogo nilimkuta mferejini. Yeye na jirani zake walikuwa wanazibua mfereji wa maji kabla ya msimu, mashamba yamekauka yamepasuka, ng'ombe wanapita juu ya mabua ya mpunga. Alikuwa amezeeka. Shingo imekuwa nyembamba, lakini jembe linapanda na kushuka kwa kipimo kile kile. Nikasimama ukingoni.

"Kamwene, baba," nikamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene," akajibu, na hakuinua kichwa.

Jirani yake, mfugaji mmoja aliyehamia huko na ng'ombe zake kutoka Usukumani, aliangalia gari langu, akaangalia viatu vyangu, akajiegemeza kwenye mpini.

"Mzee, tajiri wako huyu amekuja kununua mpunga au amekuja kukununua wewe?"

Wakacheka wote. Baba mdogo akajibu kwamba huyu hanunui, huyu hung'oa. Wakacheka zaidi, ingawa sidhani walijua walichokuwa wanacheka.

Nikaeleza shida yangu nikiwa nimesimama juani. Moto, unga wa kahawia, funza, maneno ya afisa, maneno ya shangazi. Alikuwa anachimba tu. Nikaona nimwonyeshe. Nikaenda kuchukua kopo, nikashuka nalo mpaka kwake, nikafungua kifuniko.

Nilitaka kuonyesha funza. Kilichokuwepo juu ya gome kilikuwa na miguu. Joto la gari na joto la bonde lilikuwa limewapikia wengine. Vidudu vya rangi ya asali, vikubwa kidogo tu kuliko punje ya ulezi, vinatembea kwenye ukingo wa kopo vikitafuta pa kutokea. Nikafunga kifuniko nikakikandamiza kwa kiganja kana kwamba kuna nyoka ndani. Nikajua huko nyumbani nako, kwenye magome yaliyoelekea jua, mambo ni hayo hayo au yanakaribia.

Baba mdogo safari hii aliniangalia usoni. Akaniomba kopo, akalishika, akalitikisa karibu na sikio lake.

"Wapo kwenye mti wa kichwani kwake?" Alikuwa anamaanisha kichwani kwa kaka yake, baba yangu.

"Huo ndio ulioanza."

Akanirudishia kopo. Akasema atakuja akimaliza mfereji, kwa sababu zamu ya kuzibua ni ya wote na mtu akiikimbia, siku ya maji hapewi maji. Kisha akasema na lile jingine.

"Na milanzi yangu uirudishe. Pale pale ilipokuwa."

"Baba, ulanzi haujengi nyumba."

"Na paini zako naona zinawajengea nyumba wadudu."

Jirani yule Msukuma alijifanya anakohoa. Mimi nikasema tutazungumza. Baba mdogo akasema kuzungumza tumeshazungumza, akageukia kazi.

Mfereji uliobaki ulikuwa mrefu. Kwa mwendo wao ungewapeleka mpaka siku nyingine, na mimi siku nyingine sikuwa nayo. Nikavua viatu, nikakunja suruali ya kitambaa, nikamwomba yule Msukuma jembe la akiba. Akaniuliza kama nalijua linavyoshikwa. Nikaingia. Nitasema ukweli mbele ya mtu yeyote: nilichimba kuliko kila aliyekuwa kwenye mfereji ule, na walikuwepo wenye umri wa wanangu. Malengelenge yalitoka yakapasuka, nikaendelea. Kila nikiinua kichwa naliona jua, na kila nikiliona jua nawaona wale wa rangi ya asali wanatembea. Watu walipoona mtu wa gari amelowa tope mpaka kifuani wakaona aibu kupumzika, na jua lilipolegea tulikuwa tumefika kwenye lango la maji. Msukuma akaninyang'anya jembe akasema nisije nikamharibia bei ya vibarua.

Baba mdogo alinawa miguu, akaingia ndani, akatoka na mfuko na koti lake la zamani la baridi. Akapanda gari. Kopo ikabidi alipakate yeye.

Makambako, upepo wa baridi ulipoingia, ndipo akavaa koti, akaanza kusimulia kama anajiongelea. Alikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche cha serikali wakati baba alipofariki. Alipoomba ruhusa ya msiba, msimamizi wake hakuwa na cha kumpa rambirambi, akamwambia achukue miche atakayoweza kubeba. Alibeba kwenye kofia. Alitembea siku hiyo yote akiwa ameshika kofia mbele kama mtu anayechangisha sadaka. Kijiji kizima hakikuwa na paini hata moja.

Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba paini kijijini kwetu nimezileta mimi. Kwa wingi, ndiyo, nimezileta mimi. Nikawasha taa za gari, tukaendelea.

Asubuhi tulikuwa makaburini kabla umande haujakauka. Shangazi alikuja na kibuyu cha maji yaliyokorogwa unga wa ulezi. Sisi ni Walutheri, na mchungaji wetu mambo haya anayajua. Siku za namna hii huwa ana safari. Watu walikuwa wamejaa, maana shangazi alishatangaza mgowe, ile kazi ya wote, na kila mwanamke alikuja na panga la kumenyea na kila mwanamume na tawi bichi la kuzimia moto. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameruhusu kuchoma, kwa masharti ya kuchimba shimo katikati ya barabara yangu ya moto na watu wasibanduke. Afisa misitu alikuwepo. Alibandua gome upande wa mashariki, akaniita kwa kidole. Wengi walikuwa wa njano. Wengine walikuwa wameshaiva.

"Jua likifika pale," alisema akionyesha kwa kidevu juu ya kilima, "wanaanza kutoka."

Shangazi akamwaga maji ya ulezi kwenye mizizi, akawaambia waliolala ni nani amekuja na amekuja kufanya nini. Akawatajia mpaka wadudu. Baba mdogo akapokea shoka. Akausogelea ule mti wa kichwani kwa kaka yake, akaweka kiganja kwenye gome lililoungua, akainua shoka mpaka begani. Likakaa hapo begani. Akageuka akanitazama mimi, mbele ya ukoo, mbele ya wafanyakazi wangu, mbele ya serikali.

"Milanzi?"

Nikamwambia achukue mstari wa juu wa miti yangu, nitautoa, nitampa.

"Mstari mmoja sio milanzi. Mpaka njia ya maji, ilivyokuwa."

Mpaka njia ya maji ni ile sehemu yote iliyokomaa. Kiangazi changu kinachofuata chote. Nilimwangalia shangazi, akawa anafunga kibuyu chake. Nilimwangalia afisa, akawa anaangalia kilima. Jua lilikuwa limeshaanza kuchungulia pembeni, mwanga unashuka kwenye vilele taratibu, tawi kwa tawi. Nimefanya biashara na watu wagumu kutoka kila mkoa, na sijawahi kubanwa hivi na mtu asiye na viatu.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Shoka likaingia. Vijana wa chenso hawakusubiri kuambiwa. Mashine zikalia zote kwa pamoja, na paini ile ikashuka kati ya kaburi la mama na njia bila kugusa hata msalaba, kwa sababu vijana wangu nimewafundisha mwenyewe kuangusha mti. Kabla haijatulia wanawake walikuwa juu yake. Magome yalitoka kwa vipande virefu, yakaburutwa juu ya maturubai mpaka shimoni, na baba mdogo alikuwa anatoka shina hadi shina, anapiga la kwanza, anasogea. Shimo lilikuwa linalia kama karanga kwenye kikaango. Sikutaka kujua kinacholia. Upepo ulikuja mara moja, cheche zikaruka juu ya barabara ya moto, na wanaume wakazipiga kwa matawi huku wakitukanana kwa mapenzi. Jua lilipotua kwenye makaburi lilikuta magogo meupe yaliyomenywa. Nilipoangalia kichwa cha gogo la kwanza niliona bluu imezunguka kiini kama wino uliomwagika.

Nikaanza kupumua. Nikavuka njia kwenda kukojoa msituni kwangu, na hapo nilipotaka kusimama nikaona ugoro.

Kwenye mizizi ya mti wangu. Kidogo tu, cha kunusa mara moja. Nikainua macho: mti wa kijani mpaka juu, mzuri kuliko yote mstari ule. Ukafuata mwingine. Ukafuata mwingine. Sikumwita mtu. Nilitembea mstari mzima nimeinama, na watu wakaanza kuacha kazi mmoja mmoja wakiniona. Afisa akaja nyuma yangu na kisu chake. Alibandua, akafuata mistari ya ndani, akarudi akiwa ameshusha sauti. Hawa walikuwa wageni, wazazi ndio kwanza wameingia, mayai hayajaanguliwa. Lakini wameingia mpaka kuelekea njia ya maji, huku mmoja, kule mmoja. Alisema sehemu ile yote ya juu ishuke, mizima na mibovu, ili ya chini ipone. Mbao zake, nikiwahi kumenya, bado hazijashika bluu sana.

Ilikuwa sehemu ile ile. Nilimtazama baba mdogo nikidhani atasema kitu. Ningekuwa mimi ningesema. Alikuja tu, akageuza shoka, akanipa mpini.

"Hii ulipanda wewe," alisema.

Katika mbao zangu zote nilizouza, sikuwahi kupiga mti wangu shoka. Vijana wa chenso huangusha; mimi huhesabu nikaondoka. Na msitu wa biashara haudai shoka la aliyepanda, hiyo ni ya makaburini. Lakini vijana wa chenso walikuwa wamezima mashine, wanaume wamesimama na matawi yao yaliyoungua, na hakuna aliyevuka njia. Nikashika mpini kwa yale malengelenge ya Ubaruku. Nililijua shimo la mti ule. Lilikuwa na jiwe, nililing'oa kwa mtaimbo.

Nilipiga. Shoka lilizama mpaka nusu ya uso wake. Sijisifu, kisiki kipo na alama ipo, nenda kaangalie.

Tulikata siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka njia ya maji. Nilipata nilichopata, sitakieleza hapa. Baba mdogo hakurudi bondeni mpaka mvua ziliposhika. Alileta vipande vya mizizi ya milanzi kutoka kijiji cha pili, akavipanda mwenyewe, na akanikataza kabisa kumsaidia. Imeshachipua. Kila nikipita machipukizi yananiangalia. Afisa anasema mbawakawa hana shida na mianzi, kwa hiyo kama kuna wanaokuja kutoka juu watakuta ukuta wasioula. Sikumwambia baba mdogo habari hiyo, angeshinda mara mbili.

Ya chini bado imesimama. Ni michanga, ndiyo niliyobaki nayo, na kila nikiwa nyumbani naizungukia asubuhi kabla sijanywa chai, mstari kwa mstari, nimeinama, kidole kwenye mizizi ya kila mti. Watu wanasema nimepoteza kitu. Wiki iliyopita, mstari wa tatu, nikakuta unga wa kahawia, laini, kifungu kizuri chini ya shina. Nilipiga magoti nikatafuta tundu kwenye gome, juu, chini, kwa kucha, sikuliona, na kutoliona ndiko kulikonitisha zaidi. Nikachota ule unga kwenye kidole, nikausogeza karibu na macho, nikausogeza karibu na pua.

Nikapiga chafya mpaka kofia ikadondoka.

Nyuma yangu shangazi, aliyekuwa ametoka kuangalia milanzi na kukaa hapo kupumzika, aliniuliza kama nataka kuzoea ugoro si niseme tu, anao wa kutosha. Nikamwambia shikamoo, shangazi. Nikaokota kofia, nikaenda mti unaofuata.